Silabi Ikatwe Wapi? Mjadala Kuhusu Maneno Ambatani ya Kinorwe

Kinorwe huunda maneno mapya kwa kuyaunganisha yaliyopo. Brann ni moto unaoteketeza, bil ni gari. Brannbil ni gari la zimamoto. Barn ni mtoto, hage ni bustani. Barnehage ni shule ya chekechea. Neno lililoundwa hivyo huandikwa kwa mfululizo bila nafasi, hata likiwa na sehemu nne au tano, na hutamkwa kwa utaratibu unaojulikana: kwa kawaida mkazo mkuu hukaa kwenye sehemu ya kwanza, sehemu inayofuata hubaki na mkazo mdogo, na neno zima hubebwa na toni moja. Hadi hapo hakuna anayebishana. Ubishi huanza pale inapotakiwa kuonyeshwa kila silabi ya neno hilo inaanzia wapi na kuishia wapi. Kuzihesabu silabi ni kazi rahisi. Kuziwekea mipaka ndiko kunakowagawa wataalamu.

Pande kuu zinazovutana ni mbili. Wapo wanaosema mpaka wa silabi katika neno ambatani hufuata mpaka wa maneno yaliyounganishwa, na wapo wanaosema sikio halitambui mpaka huo. Nyuma yao yuko mwanahistoria wa lugha, ambaye ana ushahidi wa karne nyingi, na mhariri, ambaye hana muda wa nadharia kwa kuwa lazima aamue kistari kikae wapi mstari unapomalizika. Hoja zao zimepangwa hapa kama mazungumzo, na wasemaji wanawakilisha misimamo, si watu mahususi.

Kabla hawajaanza, jambo moja linahitaji kufafanuliwa, maana pande zote zitalitumia. Silabi yenye mkazo katika Kinorwe lazima iwe nzito. Uzito huo hupatikana kwa njia mbili tu: ama irabu ni ndefu na konsonanti inayofuata ni fupi, ama irabu ni fupi na konsonanti inayofuata ni ndefu. Tak, paa la nyumba, ina a ndefu. Takk, asante, ina a fupi na k inayoshikiliwa. Tahajia huonyesha tofauti hiyo kwa kuirudufu konsonanti, na mgeni asiyeizingatia husema paa alipokusudia kushukuru.

MWANAMOFOLOJIA: Anayetaka kujua mahali pa kulikata neno ambatani aulize kwanza limeundwa na nini. Mkazo wenyewe unatoa jibu. Watu husema mkazo wa neno la Kinorwe huanguka mwanzoni, lakini hilo si sahihi. Katika politistasjon, kituo cha polisi, mkazo mkuu uko kwenye silabi ya tatu: poliTIstasjon. Katika universitetsbibliotek, maktaba ya chuo kikuu, uko kwenye silabi ya tano: universiTETSbibliotek. Kwa nini? Kwa sababu politi likiwa peke yake hukaziwa TI, na universitet hukaziwa TET. Mkazo hauhesabu silabi kutoka mwanzo wala kutoka mwisho. Hutafuta sehemu ya kwanza ya neno, kisha hukaa pale pale ambapo sehemu hiyo ilikuwa na mkazo wake tangu zamani. Lugha isiyoijua mipaka ya sehemu zake isingeweza kufanya hivyo.

Hoja hii humfikia msomaji wa Kiswahili kwa urahisi, kwa kuwa lugha yake hutenda kinyume. Mkazo wa Kiswahili huhesabu kutoka mwisho: SOma, soMEsha, someSHEni. Neno mwana likiunganishwa na funzi, mkazo wa mwana hupotea na silabi ya pili kutoka mwisho hubeba yote: mwanaFUnzi. Katika Kinorwe sehemu ya pili hushushwa daraja bila kunyang'anywa mkazo wake. Irabu i katika bil ni ndefu, na inabaki ndefu ndani ya brannbil. Uzito wa silabi, ambao ni haki ya silabi yenye mkazo, unabaki nao.

MWANAFONETIKI: Mwenzangu amethibitisha kwamba mkazo unazijua sehemu za neno. Hajathibitisha kwamba silabi zinazijua. Hayo ni mambo mawili. Chukua bilulykke, ajali ya gari: bil na ulykke. Katika usemi wa kawaida hakuna kituo kati ya l na u. Ulimi hutoka kwenye l na kuingia moja kwa moja kwenye irabu, kama unavyofanya katikati ya neno lolote sahili. Kanuni inayofahamika katika lugha nyingi za dunia ni kwamba konsonanti moja iliyo kati ya irabu mbili huungana na irabu inayoifuata. Kwa sikio, basi, neno hilo ni bi-lu-lyk-ke. Bil-u-lyk-ke ni mgawanyo wa anayelisoma neno kwenye karatasi.

MWANAMOFOLOJIA: Bil ina irabu ndefu, kwa hiyo silabi yake ni nzito hata l ikiondoka, na mfano huo hauwezi kuamua lolote. Tuchukue wenye irabu fupi. Nattarbeid ni kazi ya usiku: natt na arbeid. Mkazo mkuu uko kwenye natt, na a yake ni fupi. Kama t yote ingehamia kwenye arbeid, silabi ya kwanza ingebaki kuwa "na" tu, yenye irabu fupi na isiyo na konsonanti ya kuipa uzito, ilhali ndiyo yenye mkazo mkuu. Silabi ya namna hiyo haikubaliki katika Kinorwe. T lazima ibaki nyuma, angalau nusu yake.

MWANAFONETIKI: Nusu yake, naam. Na nusu ya pili? Katika katten, yaani yule paka, t ndefu hufunga silabi ya kwanza na papo hapo hufungua ya pili, na katten si neno ambatani. Kwa hiyo tabia ya nattarbeid inatokana na uzito wa silabi, jambo linalotawala kila neno la Kinorwe. Haitokani na mpaka wa maneno.

Hapa mwanafonetiki anapata pointi yake ya kwanza ya haki. Uzito wa silabi unaeleza kwa nini konsonanti inabaki nyuma. Hauelezi kama mpaka wa maneno umechangia. Ili kumjibu, upande wa pili unahitaji sauti inayobadilika kwa sababu ya mpaka wenyewe, na sauti hiyo ipo.

MWANAMOFOLOJIA: Konsonanti p, t na k za Kinorwe zikianza silabi yenye mkazo hutoka na pumzi inayosikika. Zikitanguliwa na s ndani ya silabi hiyo hiyo, pumzi hupotea. T ya tak ina pumzi. T ya stakk, lundo la nyasi kavu, haina. Sasa mtu aseme hustak, paa la nyumba, kutoka hus na tak. Kati ya irabu mbili kuna s ikifuatwa na t, na muungano wa st unakubalika kabisa mwanzoni mwa silabi ya Kinorwe. Sikio lisiloujua mpaka lingekata hu-stak, na t ingekosa pumzi. Kwa kawaida inayo. Kwa hiyo neno limekatwa hus-tak, na aliyelikata ni mpaka wa maneno. Kadhalika arbeidsplass, mahali pa kazi. Herufi spl zinaweza kuanza silabi, lakini s hii ni kiungo kilichogandishwa kwenye arbeid, na plass inaanza upya na pumzi yake.

MWANAFONETIKI: Hilo linakubalika. Lakini kama mpaka una nguvu hivyo, mbona r inaupuuza? Kwenye lahaja za mashariki, Oslo ikiwemo, na hadi Trondheim na kaskazini, r ikikutana na t, d, n au s, sauti mbili hugeuka kuwa moja inayotamkwa ncha ya ulimi ikiwa imerudishwa nyuma. Bunge la Norwe, lililoanzishwa na katiba ya mwaka 1814, linaitwa Stortinget: stor, kubwa, na ting, baraza. Kila siku kwenye taarifa ya habari r ya stor na t ya ting husikika kama konsonanti moja. Vintersol, jua la majira ya baridi, husikika kama kwamba katikati pana sh. Sommertid, saa za majira ya joto, hali ni ile ile. Sauti iliyozaliwa na maneno mawili iwekwe upande gani wa mpaka? Haiwezi kukatwa vipande viwili.

Swali ni zito, na linastahili kutazamwa kwa makini kuliko yote yaliyotangulia. Anayesema Stortinget kwa matamshi ya Oslo haachi r nyuma. Sehemu ya kwanza ya neno inaishia kwenye irabu ndefu, na konsonanti iliyochanganyika inaanza sehemu ya pili. Mwandishi wa kamusi anayeandika matamshi hana pa kuweka mpaka isipokuwa kabla ya konsonanti hiyo, na akifanya hivyo neno stor limepoteza herufi yake ya mwisho kwa jirani. Mtu wa Bergen au Stavanger hana tatizo hili. R ya huko hutoka kooni, haichanganyiki na t, na Stortinget husikika ikiwa na r na t zilizotengana. Neno moja, mkazo mmoja, na ramani mbili za silabi kulingana na mji aliozaliwa msemaji.

MWANAMOFOLOJIA: Mchanganyiko huo wa r hauvuki mpaka wa neno ambatani pekee. Huvuka hata mipaka ya maneno yanayoandikwa mbalimbali. Vær så god, maneno ambayo mwenyeji humwambia mgeni anapomkaribisha au kumpa kitu, ni maneno matatu, na bado r ya vær humezwa na s ya så kwa mtindo ule ule. Shahidi anayevuka kila mpaka hawezi kutuambia mpaka uko wapi. Pumzi ya t inazijua kuta za neno. Mchanganyiko wa r hauzijui. Ndiyo maana ushahidi wa pumzi unafaa na ushahidi wa r haufai.

MWANAFONETIKI: Au ndiyo maana neno "mpaka" limetumika kwa vitu viwili tofauti. Wanaisimu wa Trondheim, Thorstein Fretheim miongoni mwao, walipochunguza kiimbo cha lahaja za mashariki walipendekeza kipashio kinachoanza kwenye silabi yenye toni na kuendelea hadi inapokaribia silabi nyingine yenye toni. Katika en politistasjon, kipashio hicho kinaanza kwenye TI. En, po na li ziko nje yake, zikiegemea kilichotangulia. Wimbo wa sentensi, basi, haukuanza pale neno lilipoanza.

Hoja hiyo ya Trondheim inafungua mlango wa toni. Kinorwe ni miongoni mwa lugha chache za Ulaya zenye toni za kutofautisha maneno, na silabi yenye mkazo ndiyo inayozibeba. Einar Haugen na Martin Joos walizichambua toni za mashariki katika makala yao ya mwaka 1952, na kitabu cha Gjert Kristoffersen cha mwaka 2000 kuhusu fonolojia ya Kinorwe kinazipa nafasi kubwa. Toni ya kwanza, kwa msemaji wa Oslo, huanza chini na kupanda. Toni ya pili huanza juu, hushuka, kisha hupanda tena. Tanken yenye toni ya kwanza ni lile tangi. Tanken yenye toni ya pili ni lile wazo. Bønder, wakulima, na bønner, maharage, hutamkwa kwa sauti zile zile, kwa kuwa d ya bønder haisikiki; kinachoyatenganisha ni toni tu.

MWANAHISTORIA: Hapo ndipo wenzangu wote wawili wanapaswa kuangalia nyuma. Katika Kinorse cha Kale, asili ya Kinorwe, wakulima waliitwa bœndr, neno la silabi moja. Maharage yaliitwa baunir, silabi mbili. Maneno ya silabi moja yalipata wimbo mmoja na maneno marefu yakapata mwingine. Baadaye irabu iliingia katikati ya d na r, bœndr likawa na silabi mbili, lakini wimbo wake haukubadilika. Vivyo hivyo tangi: tank ni silabi moja, na kiambishi -en kilichoongezwa mwishoni hakikuhesabiwa. Tanke, wazo, lilikuwa na silabi mbili tangu mwanzo. Kwa hiyo msemaji wa leo anayetofautisha bønder na bønner anatunza hesabu ya silabi iliyofanywa Zama za Kati. Hesabu hiyo haikufutika. Imehamia kwenye toni.

MWANAFONETIKI: Na neno ambatani linafuata hesabu hiyo?

MWANAHISTORIA: Kwa sehemu. Waswidi wa Stockholm wamerahisisha mambo: maneno yao ambatani huchukua toni ya pili bila kuuliza maswali. Mashariki mwa Norwe hawafanyi hivyo. Huko sehemu ya kwanza ndiyo yenye sauti kubwa katika uamuzi. Ikiwa na silabi zaidi ya moja, toni yake ndiyo inayotawala kwa kawaida. Ikiwa na silabi moja tu, matokeo hutofautiana, na kiungo kilichowekwa katikati kina usemi wake: kiungo -e-, kama katika barnehage, huvuta kuelekea toni ya pili. Na kuna maeneo yanayozunguka Bergen, pamoja na sehemu za Finnmark, ambako tofauti ya toni haipo kabisa. Huko neno ambatani hutambulika kwa mkazo na uzito wa silabi peke yake, na watu wanaelewana vizuri tu.

Mwanahistoria ana jambo jingine ambalo upande wa mofolojia hauwezi kulipuuza: maneno ambatani huzeeka. Dirisha katika Kinorse cha Kale liliitwa vindauga, jicho la upepo, maana nyumba za kale zilikuwa na tundu la kupitishia hewa na moshi. Norwe ina maandishi rasmi ya namna mbili, bokmål na nynorsk. Nynorsk, iliyojengwa na Ivar Aasen katika karne ya 19 juu ya msingi wa lahaja za vijijini, inaandika vindauge, na kila msomaji anaona vind na auge. Bokmål inaandika vindu. Jicho limefumbwa, hakuna tena sehemu ya pili yenye mkazo mdogo wala uzito wa silabi. Anayelikata neno la kwanza mwishoni mwa mstari huandika vind-auge kwa kufuata maana. Anayelikata la pili huandika vin-du, akiifuata konsonanti. Nabo, jirani, nalo lilikuwa neno ambatani zamani, na leo hakuna mtoto anayelitambua hivyo. Kwa hiyo kanuni ya mwanamofolojia inafaa kwa muda ambao wasemaji bado wanaziona sehemu za neno. Wakishasahau, mpaka hufa na silabi huhama.

MHARIRI: Wataalamu mkiwa mmemaliza, gazeti linakwenda mitamboni. Safu ya gazeti ni nyembamba na maneno ya Kinorwe ni marefu; kila ukurasa una maneno kadhaa ya kukata. Maelekezo ya Språkrådet, baraza la lugha la taifa, yanatosha. Neno ambatani hukatwa kwenye kiungo cha sehemu zake, na herufi ya kuunganishia hubaki juu: barne-hage, lands-by, arbeids-plass. Neno lisilo ambatani laweza kukatwa kwa kanuni ya konsonanti moja, yaani konsonanti moja tu ndiyo inayoshuka na irabu inayofuata: hes-ten, yule farasi.

MWANAFONETIKI: Kwa hiyo maandishi yamempa ushindi mwanamofolojia.

MHARIRI: Yamempa msomaji. Fiskerestaurant ni mkahawa wa samaki. Likatwe fiskerest-aurant, na jicho linalosoma mstari wa juu tayari limeshaona fiskerest, yaani masalio ya samaki. Hakuna mwenye mkahawa atakayefurahia tangazo hilo. Ukikata fiske-restaurant, msomaji anajua anachokisubiri kabla ya kufika mstari wa chini.

Kuhusu tahajia, mhariri ana mtego ambao hata wenyeji hunasa. Kinorwe hakiruhusu konsonanti tatu zinazofanana kufuatana. Natt na tog, treni, zikiungana huandikwa nattog, treni ya usiku, na t moja imeachwa njiani. Buss na sjåfør ni bussjåfør, dereva wa basi. Fotball na landslag ni fotballandslag, timu ya taifa ya soka. Lakini neno likikatwa mwishoni mwa mstari, herufi iliyoachwa hurudi: natt-tog, buss-sjåfør, fotball-landslag. Kistari hakiwezi kuchukuliwa kama alama inayochomekwa tu kati ya herufi mbili. Kinalirudishia neno la kwanza haki yake. Mwanamofolojia angeweza kumaliza mjadala kwa mfano huu peke yake, maana hapa tahajia inakiri waziwazi kwamba ndani ya nattog kuna maneno mawili kamili, na kwamba upungufu wa t moja ni adabu ya macho.

Kompyuta hazikuyajua haya zilipoanza kupanga kurasa. Franklin Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1983 kuhusu njia ya kukata maneno kwa kutumia mifumo midogo ya herufi iliyokusanywa kutoka kwenye orodha za maneno, na njia hiyo ikawa sehemu ya programu ya TeX. Programu huangalia herufi jirani na kukisia. Kwa lugha inayounda maneno mapya kila asubuhi, kukisia kwa herufi hakutoshi: neno lililotungwa jana halimo kwenye orodha yoyote, na mpaka wake unajulikana tu na anayelielewa.

MWANAFONETIKI: Tuyaache maandishi. Katika mazungumzo, mkazo ukikosewa, nini kinapotea?

MWANAMOFOLOJIA: Maana. Engelsklærer, kwa mkazo mkuu mmoja kwenye eng, ni mwalimu anayefundisha Kiingereza, na huenda alizaliwa Bodø, Norwe. Engelsk lærer, kwa mikazo miwili iliyo sawa, ni mwalimu Mwingereza, na huenda anafundisha hisabati. Nafasi iliyoachwa kwenye maandishi ndiyo alama ya mkazo wa pili kwenye sauti. Ndiyo maana wapenda lugha hukasirishwa na maneno ambatani yanayokatwa kwa nafasi. Lammelår ni paja la mwanakondoo, kitoweo. Lamme lår ni mapaja yaliyopooza. Kyllinglever ni maini ya kuku; kylling lever ni habari kwamba kuku yu hai. Røykfritt ni mahali pasipovutwa sigara; røyk fritt ni amri ya kuvuta sigara upendavyo.

MWANAHISTORIA: Na maneno ambatani yanayokaziwa mwishoni?

Hili ndilo eneo ambalo kanuni ya mkazo wa mwanzo inaonyesha mwisho wake. Kristiansand, mji wa kusini ulioanzishwa na mfalme Christian wa Nne mwaka 1641, hutamkwa kristianSAND. Kristiansund, uliopewa hadhi ya mji mwaka 1742, hutamkwa kristianSUND. Ingevutia kusema kwamba mkazo umekwenda mwishoni kwa sababu ndiko majina hayo yanakotofautiana, lakini maelezo hayo ni mepesi mno. Watu wameendelea kuichanganya miji hiyo hata hivyo, na ndiyo maana anwani zikawa zinaongezewa S ya kusini na N ya kaskazini. Lillehammer, jina lenye umbo linalofanana na hayo kwa urefu, linafuata kanuni ya kawaida: LILLEhammer. Majina ya dira nayo huelemea mwisho: sørVEST, kusini magharibi, nordØST, kaskazini mashariki.

Namba ndizo zenye historia ya kuvutia zaidi. Hadi katikati ya karne ya 20 Mnorwe alihesabu kwa kutanguliza mamoja: femogtyve, tano na ishirini, na mkazo mkuu ukiwa kwenye ishirini. Mamlaka ya simu ilitaka utaratibu mpya, kwa kuwa namba za simu zilikuwa zinarefuka na mamoja yanayotangulia makumi yaliwapotosha wapigaji. Tarehe 1 Julai 1951 serikali ilibadilisha hesabu rasmi: tjuefem, ishirini tano. Mkazo haukufuata tarakimu zilipohama. Ulibaki mwishoni, na kwa kubaki hapo ukahama kutoka kwenye makumi kwenda kwenye mamoja: tjueFEM. Wazee wengi hawakuitii sheria hiyo, na mtindo wa zamani bado unasikika hadi leo.

MWANAFONETIKI: Basi hata mkazo, alioutumia mwenzangu kama shahidi mkuu, una maneno ambayo hauyafuati kwa kanuni yake.

MWANAMOFOLOJIA: Unayakazia mwisho, lakini bado kwenye mwanzo wa sehemu ya neno. SAND ni neno, SUND ni neno, VEST ni neno, FEM ni neno. Hakuna aliyewahi kusema kristiANsand au tjuEfem. Mkazo unaweza kuchagua sehemu ya kwanza au ya mwisho. Haujawahi kuchagua mahali ambapo hakuna sehemu yenye haki ya kukaziwa.

Jibu hilo ndilo lenye nguvu kuliko yote yaliyotolewa na upande wa mofolojia, na mwanafonetiki hana mfano wa kulipinga. Anachobaki nacho ni r ya mashariki inayovunja kuta, l ya bilulykke inayoegemea mbele, na vindu iliyosahau asili yake, na hivyo vyote ni vya kweli. Vinahusu mwendo wa konsonanti. Mkazo, uzito wa silabi, pumzi ya t na kistari cha mhariri vinafuata maneno yaliyounganishwa. Kwa hiyo katika neno ambatani ambalo wasemaji bado wanaziona sehemu zake, mgawanyo wa kufuata ni ule wa maneno. Mgawanyo wa sikio unafaa kwa maneno sahili na kwa yale yaliyozeeka. Anayejifunza Kinorwe akikutana na neno refu asilolijua, alitafute kwanza neno la mwanzo lililomo ndani yake, akague kwenye kamusi ya Det Norske Akademi, inayotoa matamshi, ni silabi ipi ya neno hilo inayokaziwa, kisha aanzie hapo.